Kamera Inayokwenda Kinyume

Mimi nina hasira za karibu, bora hilo lijulikane mapema. Simu ya mteja ikigoma kuwaka mara ya tatu, huiweka mezani taratibu, natoka nje, napiga teke tairi la pikipiki yangu, kisha narudi nimetulia. Hivyo ndivyo ninavyofanya ufundi wa simu hapa Kibiti, na wateja wananivumilia kwa kuwa simu zao zinapona. Lakini ile gemu ya upanga ilinifikisha pabaya zaidi.

Ilikuja ndani ya mashine ya gemu ya mtumba niliyoileta kutoka Dar. Nikaiunganisha na runinga ya nyumbani, sebuleni, nikiwa nimezoea gemu za mpira ambazo kijiweni petu hakuna aliyenifunga kirahisi. Hii ilikuwa ya mapigano. Jamaa mwenye upanga anakimbia juu ya mapaa na madaraja, anaruka, anakata maadui, anasonga mbele. Maandishi yake yote yalikuwa ya lugha ya mbali, herufi kama vibanda vidogo vilivyopangwa, na Kibiti nzima sikumpata wa kunisomea.

Pedi ya gemu ina vijiti viwili vya kusukuma kwa dole gumba. Cha kushoto kinamtembeza jamaa. Cha kulia kinageuza kamera, yaani lile jicho linalomfuata kwa nyuma ili wewe uone anakokwenda. Katika gemu zote nilizowahi kushika, ukisukuma kijiti kulia, jicho linatazama kulia. Hii ilikwenda kinyume. Ukisukuma kulia inatazama kushoto, ukisukuma kushoto inatazama kulia. Bila shaka palikuwa na mahali pa kurekebisha, ila pamefichwa ndani ya yale maandishi, na kila nilipobofya kwa kubahatisha nilijikuta nimeanza mchezo upya.

Hadi hapo ningevumilia. Kilichonimaliza ni daraja. Lilikuwa daraja bovu juu ya bonde, limevunjika vipande vipande, linakwenda kwa kona, na kila kona inabidi ugeuze kamera upesi uone kipande kinachofuata kabla ulichokanyaga hakijaporomoka. Halafu katikati pana nguzo nene ya mawe. Ukifika pale, kamera yenyewe inaingia nyuma ya nguzo. Jamaa humwoni, daraja huoni, unaona ukuta wa mawe umejaa kioo kizima, nawe unatakiwa kuruka. Nilianguka bondeni mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Nilimtukana aliyeitengeneza, nikamtukana na mwalimu aliyemfundisha. Mke wangu akawa anawatoa watoto nje kila nikishika pedi.

Na kijiweni nilikuwa nimeshajitapa. Fundi pikipiki wa jirani alikuja akaanguka darajani mara tano, nikamwambia mbele ya watu kwamba gemu ya kunishinda mimi haijatengenezwa, nitalivuka kabla mpunga haujavunwa. Maneno hayo yakawa wimbo wa asubuhi. Nikifungua banda tu, naulizwa, "Vipi bondeni, wazima?"

Wakati huo huo nyumbani palikuwa na jambo zito, na nalieleza sasa kwa sababu ndilo lililokuwa na maana kuliko daraja.

Baba mkwe wangu ni mtu wa Mbuchi, huko deltani, ambako safari ni boti na njia ni mito inayopita kwenye mikoko. Maisha yake yote amebeba watu na mizigo kwa boti yake ya fiba. Alikuja kwetu kwa ajili ya matibabu ya macho, akalala siku mbili, na siku ya kuondoka akaniita uani. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mkwe," akasema, "macho yangu ndiyo haya, siku hizi gogo na kivuli chake naviona sawa. Mtoto wa kiume sikujaliwa. Naomba mwanangu, mkeo, awe anakuja siku mbili kwa wiki, aishike boti. Ukiona haifai, nitaiuza baada ya mavuno, na sitakuwa na neno na wewe."

"Nimekusikia, baba," nikamjibu. "Nipe muda nifikiri."

Sikuhitaji muda wowote. Jibu langu lilikuwa hapana, na usiku haukuingia kabla sijampa mke wangu. Nilimwambia boti inabeba roho za watu. Nilimwambia kushika injini kidogo baba akiwa pembeni, enzi za usichana, si kuendesha. Yote hayo nilikuwa nayasema mimi, mtu wa milima ya Umatumbi, ambaye maji yakinipita kiuno naanza kusoma dua. Sababu yangu ya kweli sikuitaja. Niliogopa kuchekwa. Nilikuwa nimeshawasikia kichwani watu wa kijiweni wakiuliza nani nahodha, na wakijibiwa kwamba ni mke wa fundi.

Yeye hakubishana. Alisema, "Sawa, baba watoto," akaenda kuosha vyombo, na kwa wiki mbili akawa ananijibu kwa adabu kamili, bila utani hata mmoja. Aliyeoa anajua adhabu hiyo.

Basi Ijumaa moja, baada ya swala, nimefunga banda, nimekaa sebuleni nina daraja langu. Mke wangu yuko kwenye mkeka nyuma yangu anachambua mchele. Nikaanguka. Nikaanguka tena. Mara ya tatu nikaitupa pedi kwenye kochi.

"Mbona unapigana nayo?" akasema. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki mbili kusema neno ambalo sikumwuliza.

"Hii kamera ni mbovu. Inakwenda kinyume."

"Haiendi kinyume. Inakwenda kama mkono wa injini. Ukitaka boti iende kushoto, mkono unausukuma kulia. Kila mtu anajua."

"Kila mtu wa Mbuchi."

"Ndio hao," akasema, akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga. "Hebu nione."

Nilimpa kwa nia mbaya, nakiri. Nilitaka aanguke nimcheke, tuwe sawa. Na alianguka kweli, mara mbili, kwa kuwa hakujua kitufe cha kurukia. Nikamwonyesha kwa sauti ya mwalimu. Mara ya tatu akaanza kwenda.

Nilichokiona sijui nikielezeje kwa mtu ambaye hajawahi kuhangaika na kamera ile. Dole gumba lake la kulia lilikuwa linatangulia kona. Kipande kikiinama, jicho limeshageuka, jamaa ameshasimama pazuri, ameruka. Hakuwa na haraka. Kichwa kimeinama kidogo pembeni, midomo imebanwa, uso ambao sikuwahi kuuona ndani ya nyumba yangu. Akafika kwenye nguzo. Ukuta ukajaa kioo.

"Simama, huoni," nikamwambia.

Hakusimama. Alihesabu kwa pumzi, akabonyeza, na kamera ilipotoka nyuma ya mawe jamaa alikuwa ng'ambo, mzima, upanga mkononi, bonde liko nyuma yake.

Nilichofanya baada ya hapo ni aibu, lakini ndicho nilichofanya. Nilichomoa waya wa runinga ukutani nikasema umeme umekatika.

Mke wangu akainua macho darini. "Umekatika," akasema, "na feni inazunguka?"

Tukacheka. Tulicheka mpaka akajishika mbavu, na wiki mbili zile zikaisha hapo. Nikachomeka waya. Nikamwambia arudie, maana huenda alibahatisha. Akarudia, akavuka. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nilikubali kwa shida, nikamwuliza alionaje nyuma ya nguzo.

"Sikuona. Kwani kwenye boti naona? Magunia ya mpunga yamepangwa mbele yako mpaka machoni. Unatazama mikoko ya pembeni inavyopita, unajua umefika wapi. Hapa nilikuwa natazama ukingo wa daraja, hapo chini kwenye kona ya kioo. Huo haufichwi."

Nilikuwa nimelitazama daraja lile kwa majuma, na ukingo huo sikuwahi kuuona.

"Umeendesha boti kiasi gani?" nikamwuliza.

"Tangu darasa la tano mpaka wiki niliyoolewa. Maji yakijaa, yakipwa, masika, kiangazi. Baba alikuwa analala omo, kule mbele ya boti, mie naendesha." Akachukua ungo wake. "Hujawahi kuniuliza."

Miaka tisa ya ndoa. Kwa hasira zangu zote, siku ile sikuwa na mtu wa kumkasirikia isipokuwa mwenye nyumba, yaani mimi. Nilitoka uani nikampigia baba mkwe. Nikamwambia, "Baba, kama boti bado ipo, mwanao anakuja." Akasema alhamdulillahi, kisha akaniuliza kama na mimi nitakuja, kwa sababu mtu wa kukaa omo naye hana.

Nikaenda. Nilivaa jaketi la kuokolea kabla boti haijaguswa na mtu, na watoto wa Mbuchi walifurahi sana kuniona.

Boti ilikuwa imepakiwa magunia na abiria kumi na kitu. Mke wangu akapita katikati yao hadi nyuma, akafunga kanga kiunoni, akavuta kamba ya injini mara moja tu, ikaitika. Baba mkwe akakaa karibu naye. Mimi nikapewa upondo, ule mti mrefu wa kupimia kina, nikawekwa mbele kabisa, omo. Kazi ya mtu wa omo ni rahisi kuielezea: wewe ndiye unayeona, nahodha haoni, basi unamwonyesha kwa mkono ulioinuka juu ya magunia.

Mwanzoni nilijiona mkubwa. Njia ikapinda, mikoko ikasogea pande zote mbili, maji yakawa ya rangi ya chai ya maziwa. Ghafla nikaona gogo limelala chini ya maji, upande wa kushoto, nene kama mtu. Nikanyoosha mkono kushoto kulionyesha, mkono wote, kidole kimekaza.

Boti ikaanza kwenda kushoto.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba huko kwao mkono hauonyeshi hatari. Mkono unaonyesha njia. Mimi nikazidi kunyoosha, naye akazidi kulifuata gogo. Kisha injini ikanyamaza. Alikuwa ameona maji ya pembeni yanavyojikunja, akaamua kuamini maji kuliko mume. Akaupiga mkono wa injini upande wa pili, akaiinua injini yenyewe juu ya maji, na boti ikateleza kimya. Gogo likapita ubavuni petu, karibu kiasi cha kuligusa kwa kiganja. Mzee mmoja akamaliza sentensi aliyokuwa ameianza kuhusu bei ya kamba. Wengi hawakujua kitu.

"Baba watoto," sauti ikaja kutoka nyuma ya magunia, tulivu, "hiyo kamera yako mbovu. Inakwenda kinyume."

Baba mkwe hakuelewa gemu inahusikaje, lakini alicheka kwa kuwa bintiye alikuwa anacheka. Nikageuza mkono. Kuanzia hapo nikawa naonyesha njia, na kona ya nne nilikuwa nimeanza kuzoea. Kila nilipoinua mkono, boti nzima, na magunia yake na watu wake, iligeuka. Kifua kilinijaa, na hakikunijaa kwa ajili yangu. Nilitamani magunia yale yawe mafupi nimwone.

Tulipofika gatini mizigo ikashushwa, mingine ikapakiwa ya kurudi. Niliambiwa na mke wangu kwamba baba yake hajawahi kuiacha boti ikiwa na watu, hata kwa kwenda kununua tumbaku. Husimama pale pale ameshika kamba. Siku ile aliitazama mara moja, akagusa ubavu wake, akamwambia bintiye, "Mie nabaki. Nina jamaa wa kumwona. Maji yanaanza kupwa, msichelewe." Akaenda zake kuelekea kwenye duka la kahawa na fimbo yake, na hakugeuka nyuma. Mke wangu alimsindikiza kwa macho mpaka alipokaa kwenye benchi, kisha akainama kwenye injini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tukawa tunasubiri abiria wa mwisho, mama mmoja mtu mzima mwenye kuku wawili. Akaingia majini hadi magotini, akashika ukingo wa boti, akasita. Alikuwa ameona nyuma kuna mwanamke peke yake. Akanitazama mimi, mwanamume mzima, niliyesimama omo na upondo mkononi.

"Baba, shikilia kuku hawa," akasema. "Nahodha ni weye?"

Watu wote wakanisikiliza, au niliona hivyo. Nikapokea kuku.

"Mie kazi yangu mkono tu, mama," nikamwambia, kwa sauti ya kufika hadi kwenye duka la kahawa. "Nahodha ni mke wangu."

Akanipa na mkono wake, nikamvuta ndani.