Gudveig na Baridi ya Pasaka

Gudveig Tveitane hakuwa mtu wa kugomba. Ukimkosea, alikutengea kahawa, akakukatia jibini ya kahawia, kisha akalihifadhi kosa lako mahali lisipokauka. Miaka mingi alipima dawa za watu kwenye duka la dawa kule bondeni, na kinyongo chake alikipima kwa uangalifu uleule.

Kosa la mdogo wake, Eilif, lilikuwa bichi tangu vuli. Kibanda cha mlimani kilikuwa mali ya shangazi yao Borghild, nao wawili wakikitumia kwa zamu. Eilif alifunga pampu ya joto, ile inayonyonya joto la hewa ya nje na kuliingiza ndani, kisha akaling'oa jiko la kuni la marehemu baba yao. Gudveig alimeza uchungu akajifunza mashine. Akiondoka aliishusha kidogo tu, na kwenye simu aliweka saa anayotaka kukuta joto, akaiacha ijipangie yenyewe ianze lini. Pampu hupasha polepole. Ukiiharakisha, huita koili za umeme ziisaidie, nazo hula umeme bila huruma.

Eilif alipokuta nyumba tupu ina joto, alimcheka mbele ya ukoo mzima.

"Dada anawapashia panya," alisema. "Panya wa Gudveig hawavai soksi."

Watu walicheka hadi machozi. Kesho yake akabadili neno la siri la mashine, dada asiweze kugusa kitu.

Sasa Pasaka ilikuwa imefika, na Borghild alikuwa ametangaza kwamba atapanda nao mlimani, na hukohuko ataamua nani wa kumwachia kibanda. Gudveig hakutaka kitu kingine duniani. Siku moja kabla ya safari, Eilif alimpigia simu.

"Dada, niliishusha chini kabisa tangu zamu yangu. Kesho asubuhi naipandisha, mchana tunakuta joto. Au siyo?"

Gudveig alijua kwamba kuta za magogo zilizokunywa baridi wiki nzima haziamki kwa nusu siku.

"Mimi nitajua nini? Mimi ni mtu wa panya."

"Bado umenuna tu?"

"Nani, mimi? Endesha polepole, mdogo wangu."

Akakata simu, akajifungashia sweta mbili nene za sufu.

Walipoingia, pumzi zao zilionekana hewani. Eilif alitoa simu akaipandisha mashine hadi nyuzi thelathini, kama mtu anayemchapa farasi aliyechoka. Koili zilikuwa zimeshawaka zote. Alipowasha na jiko la kupikia, fyuzi kuu ikaruka. Akairudisha, ikaruka tena. Borghild aliketi na koti lake, midomo imeanza kuwa ya buluu, na Gudveig, Mungu amsamehe, alisikia utamu hadi kooni.

"Mbona baridi hivi, wanangu?"

"Mashine mbovu, shangazi," alisema Eilif.

"Si mbovu." Maneno haya Gudveig alikuwa ameyanoa majira yote ya baridi. "Haichapwi kiboko hii. Ungeishusha kidogo, ukaiambia saa ya kufika, ingeanza yenyewe tangu jana. Na hiyo thelathini haileti joto haraka, inaita koili tu. Lakini bwana mkubwa haambiliki."

Borghild aligeuka taratibu. "Wewe ulijua lini?"

"Jana, aliponipigia."

"Ukanyamaza."

"Shangazi, huyu alinicheka mbele ya—"

"Sikuulizi alichocheka. Umevaa sweta ngapi?"

Gudveig alipeleka mkono kwenye kola. Bibi yule hakuhitaji jibu. Alikuwa akizitazama kola mbili zilizopandana shingoni mwake.

"Eilif ni mjinga, na ujinga una dawa," alisema Borghild. "Lakini wewe ulijua nitakuwa humu, ukajifungashia nguo zako peke yako. Kibanda nampa yeye. Na wewe utamfundisha, sasa hivi, nikisikia."

Gudveig alivua sweta moja akamfunika shangazi magoti, kisha akaketi karibu na mdogo wake. Alimfundisha vizuri, kwa sababu hakuwahi kufanya kazi nusunusu: saa ya kufika hapa, kushusha kidogo pale, koili zizuiwe hapa.

"Kumbe rahisi hivi, dada?" alisema Eilif akitabasamu.

Gudveig alikitazama kidole cha mdogo wake juu ya simu, akatamani kukivunja.