Kalamu Isiyokauka

Mimi ni mtu wa shaka, sikatai. Zafarani yangu naifungia sandukuni kwa ufunguo, kwa sababu jirani wa hapa kisiwani Amu akiazima chembe tatu hurudisha salamu. Kwa hivyo kakangu aliponiletea kutoka Maskati kalamu ya wino ya kubofya, sikuiamini hata kidogo. Kalamu ya wino niijuayo mimi ina kofia. Hii haina. Unabofya kitako kama biro, ncha inachomoza kama kichwa cha kasa. Ukibofya tena inarudi ndani na kijilango kidogo kinajifunga mbele yake. Nilimuuliza kaka hicho kijilango kitaizuiaje hewa ya kwetu, inayopenya hata kwenye kopo la chumvi.

Nami nilitaka kuitilia wino wa kudumu, ule usiofutika. Nafundisha wasichana Kurani chuoni, masomo yao nayaandika kwa mkono, na mvua moja ilivuja darini ikageuza kazi yangu yote kuwa madoa ya buluu. Kaka akanitumia ujumbe wa sauti wenye masharti. Wino wa kudumu ukilala ndani ya kalamu huganda. Iandikie kila siku, walau mistari miwili. Usiiache ncha nje. Iweke kichwa juu. Na ukisafiri, imwage wino, uioshe mpaka maji yatoke meupe, la sivyo utaikuta maiti.

Niliyashika yote isipokuwa la mwisho. Dadangu wa Pate alijifungua kabla ya siku zake, nikatoka mbio, ufunguo wa sanduku kifuani, kalamu mezani imejaa wino. Nilikaa naye arobaini nzima. Njiani kurudi nilikuwa nimeshaikalia matanga kalamu yangu.

Nilipofika nyumbani nikaibofya, nikaigusisha karatasi. Ikaandika. Haikukwaruza wala kusita.

Mwingine angeshukuru. Mimi moyo ulinishuka, maana kalamu ile isingekuwa hai bila mkono wa mtu, na nyumba yetu ina watu wawili tu, mimi na mume wangu. Yeye ni seremala wa milango. Vipimo vyake huandika ukutani kwa penseli, na akiwa na neno na mtu hulisema kwenye simu. Aandike nini kwa wino usiofutika, mke hayupo?

Nilimtazama wakati wa chakula. Kidole chake cha shahada kilikuwa na doa jeusi kando ya ukucha.

"Hiyo ni nini?"

"Rangi ya mlango," akasema, akakizamisha kidole kwenye wali.

Rangi ya mlango hutoka kwa mafuta ya taa. Nilimpa mafuta mwenyewe, akasugua mbele yangu, doa likabaki pale pale. Kisha nikainua macho kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, nikaona sahani nyeupe za marehemu mamangu zimepungua. Hapo nikajumlisha. Saini mbele ya kadhi, na sahani za kuanzia nyumba nyingine. Siku hizo alikuwa na kazi Shela, kwenye nyumba ya wageni, na Shela ni mwendo wa miguu tu. Akilala aligeukia ukuta. Nguo hakuvua tena mbele yangu, nikasema hiyo ni haya ya mwenye mke wa pili. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, nikaingoja Ijumaa.

Ijumaa alipokwenda kuswali, mimi nilipekua nyumba. Sahani nilizikuta darini, nyuma ya mbao zake, zimefungwa kwa kikoi cha zamani. Zilikuwa zimeandikwa kwa wino wangu, kwa khati ya mtu aliyeacha chuo mapema, herufi zimepandana. Nilidhani ni uchawi wa mapenzi. Nilisoma. Zilikuwa aya za shifaa, za kuombea uponyaji, na pembeni ya kila sahani jina lake yeye na jina la mamake.

Aliporudi msikitini, hakukuta chakula. Alikuta sahani zile zimepangwa juu ya mkeka.

"Nani mgonjwa?" nikauliza.

Akavua kofia, akakaa. "Ni mimi."

Akafungua vifungo, akainua mkono. Kwapani palikuwa na uvimbe wa kadiri ya yai la njiwa.

"Nalitaka kukwambia," akasema. "Nikaona utakuya mbio, umwate nduguyo na mwana mtanga."

"Na mwalimu wa kukuandikia kombe, hukumuona?"

"Amu hii? Nimwambie asubuhi, adhuhuri watu wako mlangoni na pole zao."

"Na zafarani?"

"Umeifungia. Na nikenda dukani kuinunua, wataniuliza ni nani yuwaumwa."

Kombe huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikatiwa maji, maneno yakayeyuka, mgonjwa akanywa. Mume wangu aliichukua kalamu inayoandika masomo ya wasichana, akidhani ina baraka, akaandika kwa wino uliotengenezwa usiyeyuke.

"Naliandika, nikatia mai, yakabaki meupe," akasema. "Nikayanywa vivyo hivyo. Mai yamepita yuu ya aya, yatosha."

"Ukaandika kila siku?"

"Kila nikipapasa, nikiukuta upo."

Sahani ikijaa alichukua nyingine. Kusugua aya kwa majivu hakuthubutu, kuzitupa hakuthubutu, na kulia chakula juu yake ndiyo kabisa. Nilicheka, kisha nikalia sana. Kumbe kalamu yangu iliponea kwa hofu yake.

Kesho yake tulivuka bahari hadi Mokowe tukapanda basi la Mombasa. Uvimbe ukakatwa, ukapimwa, alhamdulillahi haukuwa mbaya, ila daktari akataka arudi kutazamwa kila baada ya miezi michache. Sahani tulizizamisha mkondoni, penye kina.

Sasa huenda peke yake, kwa sababu mimi nina wasichana wangu. Akirudi husema, "Sina neno," nami huitikia alhamdulillahi. Lakini nimeweka mtego. Sikumwambia kamwe kwamba ni kalamu iliyomchongea. Yeye hudhani ni sahani. Zafarani bado imefungwa. Akienda kutazamwa naijaza kalamu wino wa kudumu, naiweka mezani kichwa juu, na masomo naandika kwa biro. Mara ya kwanza nilikuja kuikuta imeganda, haitoi hata alama, maana yake hajaandika kombe. Niliiosha kwa maji ya vuguvugu, furaha tele, mume wangu akiniuliza naimbia nini.

Safari hii alirudi na mfuko wa machungwa, akasema hana neno, akaisifu pilau. Nimengoja wiki kadhaa, na zidaka sijazitazama kwa makusudi. Leo asubuhi, alipokwenda kazini, niliketi mezani nikaibofya kalamu, nikaigusisha karatasi.

Ikaandika.