Kibuyu cha Damu Pale Gendabi

Asubuhi ile nilitoka Tumati bila kujua ninakwenda wapi. Lori la shamba la ngano lilikuwa linateremka Hanang, nikamwomba dereva, nikakaa juu ya magunia matupu. Lilipokata kona kuingia shambani nilishuka, nikafuata njia ya ng'ombe iliyopita kando ya ngano, kwa sababu tu sikuwahi kuipita.

Jua lilikuwa limeinama nilipofika kwenye boma moja la wafugaji huko Gendabi. Mzee na mwanawe walikuwa wamemshika ng'ombe, shingo imekazwa kamba, mshipa umevimba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Weka mzigo, ushike fimbo."

Mke wa yule kijana alikuwa amejifungua alfajiri na kupoteza damu nyingi. Mama mkwe wake alikuwa naye ndani, hakuweza kumwacha. Kwa desturi yao mzazi hunyweshwa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa. Lakini malisho yalikuwa yamelimwa ngano, mifugo ikapelekwa mbali, na nyumbani alibaki huyo mmoja, tena amekonda. Hangeweza kutolewa damu mara mbili. Damu ikiganda kibuyuni, mgonjwa hana kitu.

Mzee alivuta upinde mdogo. Mshale wenye ncha fupi ukatoboa mshipa, damu ikarukia kwenye kibuyu kipana. Nikaanza kukoroga kwa ile fimbo ili isigande.

"Unabembeleza mtoto?" mzee akaniuliza. "Piga."

Mikono yangu ilikuwa na mazoea ya kazi nyingine. Kabla ya hapo nilikuwa pwani, nikichemsha majongoo bahari kwenye pipa, na kule ukikoroga kwa nguvu ngozi inachubuka, mnunuzi anakataa mzigo. Nikaongeza nguvu mpaka bega likauma. Nyuzi nyekundu zikaanza kujizungusha kwenye fimbo, na damu iliyobaki ikawa nyepesi. Nikawaeleza kuhusu jongoo wangu.

"Hana mifupa?" kijana akauliza.

"Hana. Hata kichwa hukioni."

"Sasa anachungwaje?"

"Hachungwi. Amelala tu chini ya maji."

"Basi huyo ni shemeji yangu."

Mzee alicheka bila kumwachia ng'ombe. Kisha akalegeza kamba, akabana jeraha kwa kidole, na damu ikakoma. Nilimuuliza kwa nini shingoni inaganda na kibuyuni haigandi, wakati ni damu ile ile.

"Shingoni hakuna anayekoroga," alisema.

Niliacha shule darasa la nne, lakini swali lile halikuniacha. Miaka mingi baadaye mtaalamu mmoja wa maabara alinivumilia jioni nzima. Alisema kwenye ngozi ya jongoo bahari kuna sukari ndefu, iliyoungana kama shanga katika uzi. Pembeni yake zinaning'inia shanga nyingine fupi, zimebeba salfa. Sukari hiyo huzuia damu kuganda. Ukikata zile shanga za pembeni, au ukiiondoa salfa, nguvu hiyo hupotea karibu yote. Nikaelewa kwamba fimbo yangu iliziondoa nyuzi zilizokwisha kufumwa, na sukari ya jongoo huzuia zisifumwe kabisa. Nilikuwa nimeshika vyote viwili kwa mikono yangu bila kujua ni ndugu.

Siku ile nilijua jambo moja tu: kibuyu kilitiwa maziwa, kikaingia ndani, nasi tukabaki nje. Mbwa alipewa zile nyuzi. Kijana alikuwa ameshika kamba ambayo haikuwa na kazi tena.

Mama mkwe alitoka na kibuyu kitupu.

"Amekunywa yote. Anauliza nani amekoroga, maana mume wake huacha mabonge."

"Ni huyu mgeni," mzee akasema.

Mama alinitazama, kisha akautazama mzigo wangu pale nilipoutupa. Akauokota, akauingiza kwenye kibanda cha ndama, akanitandikia ngozi karibu na ukuta, mahali palipokuwa na joto. Hakuna aliyeniuliza ninatoka wapi, wala nitaondoka lini. Nimelala sehemu nyingi tangu hapo, na mpaka leo nawashukuru kwa ngozi ile.