Kata Iliyolambwa na Mbwa

Watu husema kuikataa serikali ya Mwingereza tulifunzwa na watu wa vyama, walipokuja na vipaza sauti vyao. Wao walitukuta tumekwisha kukataa. 

Nilikuwa nimemaliza skuli ya msingi, nachuma karafuu na baba hapa Wingwi. Akaja Mzungu mmoja wa serikali, anataka wanaume waache vuno wakachonge barabara, kwa lazima, ili gari yake ipite. Sheha wetu, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, ni ndugu yake baba, nami nikimwita ami; aliwakusanya watu uwanjani kwetu. Wakanung'unika kwamba karafuu haingoji, ikishafunguka juu ya mti imeharibika. Ami akasema serikali haikataliwi.

Nilikuwa nimeteka maji kwa kata, kifuu cha nazi chenye mpini, nimpe mgeni. Hakuyataka, nikaiweka kata barazani. Mbwa wake akaja akatia mdomo, akalamba hadi mate yakaning'inia ukingoni. Mzungu akacheka, akasema maneno. Ami akatufasiria, naye anacheka: maji hayana kitu, mbwa huyu ni safi kuliko sisi. Kisha akaichukua ile kata akanywa. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Mzee mmoja pembeni akaanza kutapika.

Ami akanisogezea mimi, ambaye mbele za watu hata sauti hunipotea.

"Kunywa, mwanangu, bwana anatutazama. Ukinywa wewe, na wenzio watakwenda kazini."

Watu wote walikuwa wananingoja. Nilipoipokea maji yakanirukia, nikahisi najisi mwili mzima. Nikayamwaga chini, karibu na viatu vya yule Mzungu. Baba hakunikemea. Akaingia ndani, na watu wakatawanyika bila ya kuaga.

Jioni mama aliiosha kata mara saba, moja kwa udongo, kama sheria ya dini inavyotaka. Ami akapita kumwomba baba azungumze na watu. Mama hakuinua uso.

"Na hicho kinywa, shemeji, nani atakuoshea?"

Ami aliondoka. Asubuhi alipita nyumba kwa nyumba akiwaita wanaume barabarani. Sote tulikuwa juu ya mikarafuu, tunamsikia. Akasimama chini ya mti wetu akatoa salamu, akairudia mara ya pili. Baba aliendelea kuchuma.