Magoti ya Mama

Leo nimemfundisha mama yangu kukiri kosa ambalo hakulifanya.

Mnaijua ile njia ya mchanga inayotoka msituni, huku kwetu Usinge. Maofisa wa misitu walikuwa wamepakia mizinga yake ya nyuki kwenye gari. Mama akawakimbilia kuwaomba, na yeye haombi kitu kabla hajasalimia kwa magoti, ndivyo alivyolelewa.

Akapiga magoti. Mbele ya gari, katikati ya njia.

Shtaka: kuwazuia maofisa kufanya kazi yao.

Mwanzo alikana. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mashahidi hawaji, na sisi kila mara safarini. Leo asubuhi nikamwambia, "Mama, wakikusomea tena, sema ni kweli. Yaishe."

Akasema, "Ni kweli."

Yakaisha, jamani, hata chai isingepoa. Hakimu, tena kwa upole, akamwachia kwa sharti kwamba asirudie kosa hilo mwaka mzima. Akirudia, ataadhibiwa kwa yote mawili.

Nilitoka nacheka. Nikapiga na picha. (Nimeifuta.)

Jioni hii amekuja baba mkubwa kutupa pole. Mama akaanza kushuka kumsalimia kama siku zote, mkono ukutani.

Akaishia katikati.

Akanigeukia mimi, mwanawe, kwa macho yale yale aliyomtazamia hakimu.

"Hapa naruhusiwa?"

Mnaojua sheria, nisaidieni. Nimetoka nje kuwaandikia hii.