Wastani wa Gogogo

Kwetu, katika vijiji vya rasi inayoingia ziwani kusini mwa Musoma, gogogo hapewi mtu akiwa na miiba yake. Samaki huyu ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila upande nyuma ya kichwa. Akishikwa huisimamisha na kuifunga, na mkono wa mtu hauwezi kuilaza tena. Ukimpa jirani gogogo bila kumvunja miiba, ni kama umempa kisu ukitanguliza makali. Baba aliivunja kwa koleo, mama kwa mpini wa kisu. Vipande havikutupwa ovyo, kwa sababu watoto tulitembea pekupeku, na mwiba wa gogogo ukiingia mguuni, mguu huvimba wiki nzima. Mama alivitia katika debe kuukuu la mafuta ya taa lililokaa nyuma ya mlango wa jiko. Alisema likijaa litafukiwa.

Gogogo hana magamba. Fuvu lake limerefuka kwenda nyuma hadi kwenye shina la mwiba wa mgongo, mfupa mgumu chini ya ngozi nyembamba, kama mtu aliyevaa kofia ya chuma iliyofika mabegani. Ana masharubu sita: mawili ya juu ni marefu na laini, manne ya chini yana vitawi kama mizizi ya mche. Akitolewa majini hulia. Sauti hiyo haitoki mdomoni. Huisugua mizizi ya miiba ya ubavuni ndani ya tundu la mfupa wa bega. Mchana hujificha kwenye mianya ya mawe, giza likiingia hutoka kutafuta konokono na viluwiluwi vya wadudu. Wavuvi walisema wakati wa mvua kubwa hupanda mito kwenda kutaga. Hilo sikupata kulithibitisha.

Baba alimvua kwa migono, ambayo ni matenga marefu ya fito yenye mdomo wa kuingilia lakini si wa kutokea. Aliisuka mwenyewe, akaitega kati ya mawe aliyoyajua moja moja, chambo kikiwa konokono waliopondwa. Katika miaka ile ya shida, duka la ushirika lilipobaki na rafu na muuzaji tu, hakuna aliyepata nyavu mpya. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa na mtumbwi, lakini nyavu zake alizishona kwa nyuzi alizozifumua kwenye magunia. Fito hazikuhitaji kibali cha mtu. Nyumbani kwetu tulikula ugali wa muhogo na gogogo, na waliozidi mama aliwapeleka soko la Mwigobero, Musoma mjini, akarudi na chumvi au kipande cha sabuni.

Mjomba hakuacha kumtania baba. "Shemeji, hayo matenga afadhali ufugie kuku."

"Kuku utakuja kula wewe," baba alimjibu, "kama ulivyokuja jana kula gogogo."

Wakati huo mimi nilikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, lakini mke wangu ni wa Butiama, na padri mmoja wa huko aliniruhusu kuazima vitabu kutoka kwenye kabati lake. Kimoja kilikuwa cha elimu ya viumbe, kwa Kiingereza. Nilikisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa jioni. Kilifundisha kwamba anayetaka kumjua mnyama ampime, aandike, na asiamini macho peke yake. Nilinunua daftari na rula. Kila nilipokwenda nyumbani likizo, nilimpima kila gogogo aliyetoka mgononi, kuanzia mdomo hadi panda ya mkia. Mwisho wa likizo nilijumlisha urefu wote, nikagawanya kwa idadi ya samaki, nikapata wastani. Baba alinishikia taa na kusubiri. Hakucheka hata mara moja.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Nyavu za nailoni zikajaa madukani Musoma, na magari yenye barafu yakaanza kufika hadi mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapotua, kuchukua sangara wa viwanda vya minofu. Sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, alikuwa ameshaenea ziwani kabla ya hapo. Samaki wadogo waitwao furu walikuwa wamekwisha, samaki aitwaye ningu tulimwona kwa nadra, na migono ya baba ilikuwa inatoka na samaki wachache zaidi kila mwaka. Mjomba alipata mtumbwi mkubwa wenye mashine. Alikuja nyumbani, akaketi vizuri, na safari hiyo hakutania. Alisema anahitaji mtu mzima anayeyajua maji, wa kushika usukani na kuwaongoza vijana. Nafasi hiyo ni ya shemeji yake akiitaka, lakini anataka jibu kabla ya Jumapili, maana wapo wengine wanaoiomba.

Nilikuwapo, kwa likizo. Mjomba alipoondoka, baba aliniita nje. Alikuwa amekaribia miaka hamsini na mitano. Akiichukua nafasi ile angeiacha kazi aliyorithi, na mawe yake yangebaki bila mtegaji. Akiikataa na gogogo wasirudi, angekuwa mzee asiye na mtumbwi wala mgono wenye kitu.

"Wewe unasoma," alisema. "Niambie. Hawa watarudi walivyokuwaga, au ndiyo wanakwisha?"

Nilileta daftari. Nilimwonyesha kwamba ni kweli idadi imeshuka, ila wastani wa urefu umepanda kila mwaka bila kuruka hata mmoja. Nilimweleza kwamba samaki anayekua hivyo amepata chakula na nafasi ya kutosha. Nikaongeza habari ya ngao na miiba: sangara akimmeza gogogo, miiba itamkwama kooni, kwa hiyo miongoni mwa samaki wote wa ziwa huyu ndiye mwenye kinga. Nikamwambia tusubiri miaka michache.

"Una hakika?"

"Nimepima mwenyewe, baba."

Alilitazama daftari lile kwa muda, ingawa hakujua kusoma hesabu za namna ile. Siku iliyofuata alikwenda kwa mjomba kumwambia atafute mtu mwingine. Sababu hakumwambia. Mjomba aliona ni dharau, akamchukua jirani.

Baba alisubiri. Miaka mitatu aliendelea kusuka migono na kuitega, na nilipokuja likizo tulipima tulichopata. Mara ya mwisho walikuwa wanne, wakubwa kuliko wote niliowahi kuwaandika. Nilifurahi. Nimelisoma tena daftari hilo, na furaha yangu imo humo: nimepiga mstari chini ya wastani.

Kisha kiwanda chetu cha Bunda kikapunguza watu, nami nikiwamo. Mke wangu alitangulia kwao Butiama na watoto, mimi nikaenda kukaa na wazazi nijue la kufanya. Siku moja asubuhi mama aliniomba nilifukie debe la miiba, kwa kuwa chini lilikuwa limeoza kwa kutu. Nilichimba shimo nyuma ya jiko, nikalilaza debe ili limwagike polepole. Vilivyotoka kwanza ni vya juu, yaani vya miaka ya karibuni, na vyote vilikuwa vinene kama kidole changu kidogo. Kadiri nilivyoliinua, ndivyo vilivyotoka vya zamani, na humo mlikuwa na kila aina: vinene, vya kati, na vingi vyembamba kama njiti za kiberiti, miiba ya gogogo wachanga tuliokuwa tukichoma tulipokuwa watoto.

Nilikaa chini. Nilivitenga kwa mafungu, kutoka juu kwenda chini. Vyembamba viliishia takriban wakati sangara alipoenea. Baada ya hapo hapakuwa na kimoja.

Ukichukua nyumba yenye wazee na watoto, ukawaondoa watoto, wastani wa umri utapanda, na hakuna aliyepata afya. Hilo ndilo nililokuwa nikiandika miaka yote. Gogogo mzima ni mgumu kumezwa, lakini mwiba wa gogogo mchanga ni laini, hupinda, na sangara humla. Waliokuwa wakiingia migononi ni wale wale waliozaliwa zamani, wakizeeka. Kitabu kiliniambia nipime, nami nikapima bila kuuliza nani hayupo.

Baba alirudi kutoka kwenye mawe akanikuta nimeketi mbele ya mafungu yale. Nilimweleza. Niliona ni afadhali aambiwe na mimi. Aliinama, akachukua mwiba mmoja mwembamba, akaukunja ukakatika.

"Kwa hiyo walikuwa wazee tu."

"Wazee tu, baba. Nilikosea."

"Ulipima vizuri?"

"Kupima nilipima vizuri."

"Basi," alisema, akaingia ndani.

Wiki ile ile alinituma kwa mjomba kuuliza kama bado ana nafasi. Mjomba alinipokea vizuri, akaniambia ukweli: mashine na mawimbi ya mbali havimfai mtu wa umri ule, na usukani umeshapata mtu. Alimpa kazi ya kushona nyavu mwaloni. Baba alishona nyavu za sangara, akiwa ameketi mchangani pamoja na vijana, hadi macho yalipomzuia. Vijana walimuuliza mara nyingi kwa nini aliukataa usukani. Alijibu kwamba alikuwa mjinga kidogo enzi hizo.

Alipofariki, mjomba alisimama mbele ya waombolezaji kusema machache kuhusu shemeji yake. Alisema marehemu alikuwa mtu mwema lakini mbishi, mbishi hasa, maana aliletewa mtumbwi mlangoni akachagua matenga. Watu walicheka kwa upole, kama inavyoruhusiwa msibani. Mama aliinamisha kichwa. Naye hakujua sababu, baba hakuwahi kumwambia. Mimi nilikuwa nimeketi mstari wa mbele pamoja na wadogo zangu, na mwenye kuongoza shughuli akauliza kama yupo mwingine wa upande wa familia mwenye neno. Alinitazama mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa na ndimi msomaji. Nilitikisa kichwa kwamba hakuna.