Risasi za Mbweha

Juzi, katika duka la sonara pale mtaa wa Troyeville, niliona mizani ndogo ya kupimia dhahabu, na papo hapo nikasikia harufu ya baruti na mafuta ya bunduki.

Nilikuwa mtoto. Duka letu la spaza, kiduka cha mtaani cha bidhaa ndogondogo, kule kitongoji cha Diepsloot lilikuwa limeshachomwa, na Baba akapata kibarua kwenye shamba la kondoo nje kidogo ya mji. Mwenye shamba alikuwa mzee wa mikono inayotetemeka, hivyo Baba ndiye aliyemjazia risasi za bunduki yake ndogo. Mchana mmoja alipima baruti punje kwa punje kwa mizani kama ile, akaimimina kwenye ganda la shaba, kisha akakibana kichwa cha risasi taratibu.

"Zikizidiana uzito, zinakosa shabaha," aliniambia.

Nilidhani anamwandalia Themba, jirani aliyetuchomea duka. Moyo wangu ukafurahi.

"Themba atakufa lini?" niliuliza.

Mama, aliyekuwa ameleta chai, hakunikemea. "Mjibu mtoto, Baba Zuhura. Hata mimi nangoja."

"Hizi ni za mbweha wanaomaliza kondoo."

"Ikikosekana moja, mzee hatajua," Mama alisema.

Baba alifunga kopo la baruti. Aliinuka, akampelekea mzee risasi zote pale barazani, akaomba asijaze tena, arudishwe kwenye kazi ya zizini.

Siku ile nilimwona mwoga, nikamchukia. Sasa najua kwamba Mama alilitamka tu lile ambalo Baba alikuwa akiliwaza tangu asubuhi, na ndiyo maana alipima kwa makini vile, kisha akazitoa zote asibaki na hata moja.